Kondoo wa Mchezaji Bora

Mpira wa Kimarekani niliuona mara ya kwanza miaka ya tisini, katika ukumbi wa wafanyakazi kwenye shamba la majani chai tulikoishi, upande wa Boito. Mwalimu mmoja Mmarekani, aliyejitolea kufundisha hesabu shule ya jirani, alituletea kanda ya video Jumapili baada ya kanisa. Tulielewa kidogo tu: mmoja anarusha mpira, na wanaume wanene waliojipanga mbele yake wanazuia asiangushwe.

"Muulize, mchezaji bora wao huwa nani?" baba akaniambia.

Nikauliza kwa Kiingereza nilichojifundisha kwenye magazeti ya kufungia nyama, nikichelea kukosea.

"Karibu kila mara ni huyo anayerusha," mwalimu akajibu.

"Na hawa wanene?"

Mwalimu akacheka. Alisema hao, watu wengi hata majina yao hawayajui.

Baba alikuwa beki wa timu ya kandanda ya shamba tangu kabla sijaanza shule, na msimu ule ulikuwa wake wa mwisho. Goti lilikuwa limekataa. Kila Desemba mchezaji bora alipewa kondoo dume, mzima mzima, na kila Desemba kondoo alienda kwa mfungaji wa mabao. Mwaka ule nilikuwa karani wa kamati ya timu iliyomchagua mshindi. Nilitaka baba apate kondoo yule kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na niliogopa kwamba kila mtu angeliona hilo usoni mwangu.

Kwa hiyo sikumtaja. Niliandika hotuba, nikaifuta, nikaiandika upya, nikaifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe mpaka mama akanifukuza zizini, eti namnyima mnyama raha ya kukamuliwa. Siku ya kikao nikaeleza mchezo wote: mrushaji, wanene, kofia ngumu, sifa zote kumwendea mtu mmoja. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Kijana, umeongea vizuri sana. Lakini hizo kofia, kampuni haiwezi kununua."

"Si kofia, mzee. Nasema mabeki..."

"Beki akifanya kazi yake, unaona nini? Huoni kitu! Sasa tumpe mtu kondoo kwa kitu kisichoonekana?"

Wakacheka, wakainua mikono, na kondoo akaenda kwa mshambuliaji wetu, kijana mpole aliyetoka upande wa Kisii.

Desturi ya timu ilikuwa mshindi amchinje kondoo mbele ya nyumba yake, watu wote wapate kula. Sikutaka kwenda. Baba alinivuta. Tulipofika, kondoo alikuwa akimburuta bingwa kuzunguka nyumba, watu wakimshangilia kondoo. Baba akachechemea, akasimama kwenye kona ya nyumba mnyama alipolazimika kupita, akamlaza chini kama alivyowalaza washambuliaji wa mashamba yote ya Konoin.

"Kata sasa, bingwa. Nimekushikia."

"Asante, mzee," kijana akasema, akihema. "Hata uwanjani nilikuwa nakutegemea hivi hivi."

Baba alicheka mpaka kondoo akakaribia kumponyoka. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nimenuna.

"Wewe weri," akaniita, yaani kijana kwa lugha yetu, kama alivyoniita nilipokuwa mtoto, "kununa hakuchuni ngozi. Shika huo mguu."

Nikaushika, nikimuuliza kama naushika sawasawa.