Kinyozi wa Kitengela na Tezi Iliyopanda Shingoni

Ni asubuhi ya Julai 2003, na Kitengela imejikunyata kwa baridi. Ndani ya kibanda chake cha mabati kando ya barabara ya Namanga, kinyozi Dalmas Wangila amevaa sweta, na anaionea fahari kama suti ya harusi.

"Mwaka jana saa kama hizi nilikuwa na vesti tu, feni imewashwa," anasema akipuliza nywele kwenye mashine. "Wateja wanatetemeka kwa baridi, mimi natetemeka kwa joto!"

Mkono ndio uliomtisha. Kinyozi akikosa kioo ataazima kwa jirani, lakini mkono ukicheza, nani atampa shingo yake?

Laini alizowachonga wateja kwenye paji la uso zilianza kupinda. Macho yakamtoka, mteja akitazama kioo anaona amekodolewa kama mwizi wa kuku. Moyo ulimdunda hata ameketi. Alikula ugali sahani mbili, akaongeza ya tatu, na bado kilo kumi na mbili zikayeyuka.

"Nikamwuliza, Baba Lennox, hicho chakula unampelekea nani?" anakumbuka mkewe, Nasike. Leo anacheka. Wakati ule alimnusa mdomo kila jioni, maana mtaa ulishaamua kwamba Dalmas amerudia pombe ya chang'aa.

Sankale, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kisaju, alikuwa akinyolewa kipara kwa wembe kila siku ya soko. Siku alipouona wembe ukimjia unacheza, aliruka kitini.

"Wangila, rafiki yangu, hata mbuzi mimi simchinji hivyo!"

Akatoka mbio, shuka la kinyozi likiwa juu ya shuka lake mwenyewe. Baada ya hapo Dalmas aliuweka wembe kwenye droo.

Aliyemshtukia ni Elsie, tabibu wa kliniki ya mtaani, aliyekuja kupunguza nywele. Kwenye kioo alimtazama Dalmas zaidi kuliko alivyojitazama. Akamwomba anyooshe mikono, akamtandazia ukurasa wa gazeti juu ya vidole. Gazeti likacheza ngoma ya isukuti. Alipomwambia ameze mate, uvimbe ukapanda na kushuka kooni.

"Hii si pombe," alisema. "Nadhani ni tezi. Twende upimwe damu."

Majibu yalitoka Nairobi: tezi ya shingoni, inayopanga mwendo wa mwili, ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, ikichochewa na kinga ya mwili wake mwenyewe.

"Askari wako wenyewe wanaichapa kiboko," Elsie alimfafanulia. "Ndiyo maana unakimbia ukiwa umekaa."

Dalmas alirudi kazini na furaha ya mtu aliyesafishwa jina. "Si pombe! Niko na tezi!" akatangaza.

Tezi waliyoijua wanaume waliokuwa kibandani ni moja tu, tezi dume. Gichuru, fundi viatu wa jirani, akamvuta pembeni.

"Pole sana, ndugu yangu. Na mama watoto anajua?"

"Anajua nini? Iko hapa shingoni!"

Gichuru akashika kichwa. "Woi! Imepanda mpaka huko?"

Sasa Dalmas anameza vidonge vya kuituliza tezi, na ameambiwa huenda vikachukua mwaka na nusu. Miezi ya kwanza alipewa na vingine vya kupunguza mapigo ya moyo na mtetemo. Hupimwa damu kila mara, na ameonywa: akipata homa au koo likiuma, hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa yenyewe inaweza kuiangusha kinga.

Uzito umerudi. Macho bado kidogo. "Hayo yanasaidia watoto wakikataa kusoma," anasema.

Anachotamani ni kuutoa wembe kwenye droo. Tukiwa hapo, mlango unafunikwa na mtu mrefu.

"Sopa, Wangila." Ni Sankale, na salamu yake ya Kimaasai. Kwapani ana shuka la kinyozi, limefuliwa na kukunjwa. "Nyoosha mikono."

Kipimo cha Elsie amekisikia sokoni: anachukua gazeti na kulitandaza mwenyewe juu ya vidole vya Dalmas. Anainama, anangoja. Gazeti limelala kama mtoto aliyeshiba.

Sankale anaketi, anajifunga shuka. "Haya, wembe. Lakini usinitolee macho hivyo."

"Nikiyafumba, mzee, utanilaumu zaidi," Dalmas anajibu, na kuvuta droo.