Mfyekaji wa Makaburi Aliyeanzia Katikati

Aliyemwona akifyeka kwa mara ya kwanza alidhani kichwa chake kina kasoro. Wafyekaji wengine huanzia langoni, wakasonga mbele hadi ukutani, wakafuta jasho, wakaenda zao. Yeye alilipita lango, akazipita safu za mbele zenye misalaba ya saruji, akajipenyeza kwenye majani yaliyomfika kiunoni hadi katikati kabisa ya makaburi ya kanisa moja kuukuu. Hapo ndipo aliponyanyua fyekeo. Alifyeka kwa kuzunguka, duara dogo kwanza, kisha kubwa kidogo, akielekea nje. Watu wakamwita Mzee Katikati, na jina likamganda hadi kwenye daftari la kanisa.

Ukimuuliza sababu, alikujibu bila haraka. Ukifyeka kutoka pembeni, kila chenye miguu kinakimbilia ndani, na mwishowe unavikuta vyote vimejazana kwenye kijichaka cha mwisho, havina pa kwenda. Ukianzia katikati, kila mmoja anapata nafasi ya kufungasha virago na kutokea kwenye ua wa michongoma. Hao kina kila mmoja walikuwa vyura, mijusi, jongoo wanene, konokono, na kenge mwenye kiburi aliyeota jua juu ya kaburi la tajiri mmoja wa zamani kana kwamba ndiye mrithi wake. Nyuki walikaa kwenye ufa wa kaburi la mchungaji wa kwanza. Bundi alikaa mnarani. Wanakwaya walimwogopa, Mzee Katikati alimshukuru kwa kupunguza panya.

"Nina wapangaji wengi kuliko mwenye nyumba yeyote mjini," alimwambia mkewe, "na hakuna hata mmoja anayelalamikia choo."

"Wala anayelipa," akajibu mkewe, fundi cherehani asiyekubali kupitwa na neno, huku akivuta uzi kwa meno.

Mambo yaliharibika kamati ya makaburi ilipopata mwenyekiti mpya, mwalimu mkuu mstaafu aliyeitazama dunia kana kwamba anakagua kucha za wanafunzi. Siku ya kwanza alisimama langoni, akatazama majani yaliyobaki upande wa nyuma, akaguna.

"Mzee, wafu wetu wamelala porini."

"Hawajalalamika, mama mwenyekiti."

Jibu hilo halikumsaidia. Mwenyekiti aliagiza mtu mwenye mashine ya kufyekea aje Jumamosi kwa majaribio. Akimaliza kabla ya saa sita mchana na uwanja ukapendeza, Mzee Katikati atakabidhi ufunguo wa lango. Alikuwa na miaka sitini na minane, ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza humo ndani. Nani angemwajiri tena? Wiki nzima mkewe aliacha utani, jambo lililomtisha kuliko mashine.

Jumamosi mtu wa mashine alifika, kijana mstaarabu mwenye miwani ya kukinga vumbi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Anzia katikati, mwanangu."

Kijana akacheka kwa heshima. "Mzee, tukianzia huko tutachelewa. Mimi huanzia langoni."

Basi akaanzia langoni. Mashine ikanguruma, na kufikia saa nne pande tatu zilikuwa nyeupe. Mwenyekiti alitembea nyuma yake amekunja mikono, ameridhika. Mzee Katikati alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitazama wapangaji wake wakikimbilia ndani mmoja baada ya mwingine. Kenge peke yake ndiye aliyeruka ukuta, bila kuaga.

Saa tano na nusu kikabaki kijichaka kisichozidi ukubwa wa chumba, kikizunguka jiwe moja la kaburi lililoinama. Mzee alijua nani yumo. Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, alikuwa amezaa humo wiki ile, watoto wanne wasiofumbua macho, na kalunguyeye hakimbii, hujikunja akasubiri.

Hapo likamjia wazo, na lilikuwa wazo zuri sana. Anyamaze tu. Mashine ipite, mwenyekiti ajionee kwa macho yake kilichotapakaa mbele ya viatu vyake, na kijana atafukuzwa kabla vumbi halijatulia. Ufunguo ungebaki mfukoni. Hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kuendelea kukaa juu ya ndoo.

Akakaa. Mashine ikasogea hatua tano, sita. Kisha akainuka, akijitukana kimoyomoyo kwa upumbavu wake, akaingia kwenye kijichaka na kuketi chini kando ya jiwe.

"Mzee, unaharibu majaribio," alisema mwenyekiti.

"Yamekwisha, mama. Nimeshindwa. Ufunguo huu hapa." Akanyoosha mkono. "Ila mwambie azime kwanza."

Kijana akazima. Mzee akatenga majani kwa vidole, na mwenyekiti hakuwa na budi kuinama ili aone. Palikuwa na tonge la miiba, na chini ya tonge vilikuwepo vitu vinne vya waridi vinavyohema. Aliinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Macho yake yalikuwa yamehama kwenye tonge, yakasimama kwenye jiwe, akalifuta ukungu kwa kiganja na kusoma.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Akapitisha kidole kwenye herufi za jina.

"Miaka tisa natuma watu walete maua. Sikuwahi kupata nafasi ya kuja mwenyewe." Akageuka. "Walikuwa wanayaweka wapi?"

Mzee Katikati alitamani aulizwe kitu kingine. "Pale, mama. Kwa yule tajiri. Jina lake linasomeka vizuri. Kenge alikuwa anayalalia."

Mwenyekiti alitoa sauti iliyoanza kama kicheko, haikuishia hivyo. Kijana akavua miwani, akawa anaifuta ilhali ilikuwa safi. Kisha mwenyekiti akaufumba mkono wa mzee juu ya ufunguo wake, akamwambia kijana aende akanywe chai, kazi imekwisha.

Sasa mwenyekiti anakuja kila Jumamosi, amebeba daftari la kukagulia kalunguyeye, maana kamati lazima iwe na taarifa. Anapiga magoti penye kile kijichaka, anatenga majani karibu na jiwe, na anazungumza kwa sauti ya chini hadi jua linapokuwa kali. Kalunguyeye na wanawe walishahamia kwenye michongoma tangu mwezi wa pili baada ya siku ile. Mzee Katikati hajamwambia, wala yeye hajauliza.