Kadi ya Mzee Huang

Ipo siku moja ya Guangzhou ambayo kila nikiikumbuka miguu huniwasha, kana kwamba bado nina gari la kuwahi. Mwanangu, jana ulinipigia simu ukitaka nikuchagulie zawadi ya mwalimu wako anayestaafu, na kabla sijajibu ukaniambia una dakika chache tu. Nilicheka, kisha nikakosa raha. Sauti ile ya mtu anayeongea huku anatafuta viatu naijua, maana ilikuwa yangu nilipokuwa na umri wako.

Miaka ile Wachina walikuwa wanabomoa na kujenga kila kona, na sisi Watanzania tulikuwa tunamiminika kwao kufuata nguo. Mimi nilinunua jinzi kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu na Zhanqian, karibu na stesheni ya reli, na nilipanga chumba Kangle, mtaa wa vyerehani, ambako pikipiki zilizobeba majora ya vitambaa hazikumpa mtu nafasi hata ya kufunga kamba ya kiatu. Mwenye nyumba wangu alikuwa Mzee Huang, mgane, mpole, mwenye maneno mengi. Niliposhikwa na homa kali, tena ndiyo kwanza nimefika, yeye ndiye aliyenipikia uji wa mchele na kukaa kwenye stuli mlangoni kwangu mpaka jasho likanitoka. Sikuwa na ndugu katika mji ule. Nilimpenda yule mzee, nasema bila aibu.

Sasa nyumba yake ilikuwa inakwenda kubomolewa, na binti yake alikuwa amekuja kumchukua akaishi naye Kanada. Walikuwa waondoke Ijumaa jioni. Asubuhi ya Ijumaa hiyo mimi nilikuwa bado sijamtafutia kitu cha kumuaga. Kwetu Njombe mzee anayekwenda mbali humuachi aende hivihivi. Unampa kitu cha kushika njiani, na unampa mwenyewe kwa mikono yako, hutumi mtu. Nilijua nikikosa siku hiyo nimekosa kabisa, maana Kanada sikuwa na safari nayo. Na siku hiyohiyo kontena letu lilikuwa linafungwa. Ajenti wa mizigo alikuwa ananipigia simu kila nikikohoa.

Jambo moja nilikuwa nalijua. Mzee Huang aliipenda besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Aliucheza shuleni, na mjomba wake aliyekuwa baharia akamletea kadi ya mchezaji mmoja wa ng'ambo, gumzo la dunia enzi hizo. Ni kikadi tu cha kuenea kiganjani, picha ya mchezaji mbele, habari zake nyuma. Zamani walizitia kwenye pakiti za ubani wa kutafuna. Kadi yake ilipotea katika miaka ya misukosuko, kitu cha ng'ambo kilipokuwa hatia na watu wakawa wanachoma vitu vyao wenyewe kwa woga. Kila jioni alikuwa akinisimulia habari ya kadi hiyo, na kila jioni mimi nilikuwa naitikia "eeh, eeh" huku vidole vyangu viko kwenye kikokotoo. Nilichokishika vizuri ni jina la mchezaji, kwa sababu alilitaja mara nyingi kuliko la marehemu mkewe.

Nikamwomba Mama Shayo anisindikize. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Moshi, mkubwa wetu sote pale, mama mnene wa taratibu, na hata wale malaoban, wenye maduka, walikuwa wakisimama akiingia. Tulikwenda kwenye uchochoro mmoja wa vitu vya kale, sarafu, stempu, saa zisizotembea. Nilikuwa natangulia kisha narudi kumfuata, natangulia tena narudi, na yeye anakuja tu na kipochi chake kwapani.

"Mama, tutachelewa."

"Wewe ndiye umechelewa," akasema. "Mimi nimetoka nyumbani sasa hivi."

Kwenye kibanda cha kwanza kijana muuzaji alitutolea kadi ya mchezaji huyo akiwa mbichi kabisa, msimu wake wa kwanza. Ilikuwa inang'aa, kona zake kali, imefungiwa ndani ya plastiki ngumu. Bei aliyoitaja ilinifanya nicheke kwa hofu. Basi nikafanya kile ambacho mdomo wangu ulikuwa umezoea kufanya tangu nifike mji ule.

"Laoban, nikichukua kumi je?"

Yule kijana hakupepesa jicho. Aliinama chini ya meza, akavuta katoni. "Kumi zipo. Ukitaka mia zipo. Bei inashuka."

Mwanangu, nilifurahi. Usinicheke. Mtu aliyelala na kuamka katika bei ya jumla, akionyeshwa katoni moyo wake unatulia. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshafungua duka la kadi Kariakoo, nimeshaweka na bango. Mkono ulikuwa tayari mfukoni Mama Shayo alipovuta stuli ya muuzaji akakaa.

"Hebu muulize kadi hiyo ina umri gani."

Nikamuuliza. Kijana akajibu kwa fahari kwamba ni ya zamani kuliko huyu mama.

"Na miaka yote hiyo imekaa na wenzake kwenye katoni, wanakusubiri wewe uje?"

Nikautoa mkono mfukoni. Simu ikaita, ajenti. Nikamwambia niko njiani, na sikuwa njiani popote.

"Wewe baba," Mama Shayo akasema, "umekuja kumuaga mzee au umekuja kufunga mzigo?"

Hakupaza sauti, na nadhani ndiyo maana maneno yale yalinikaa. Tulimwacha kijana anarudisha katoni yake chini ya meza bila kinyongo. Kwake ilikuwa ni siku ya kawaida.

Mbele kidogo alikuwepo mwanamke mwenye miwani, ameweka vitu vyake ndani ya kopo la biskuti. Kadi alizokuwa nazo za mchezaji huyo zilikuwa mbili tu. Nilipomuuliza kama kuna nyingine, akasema "meiyou", hakuna, na akafunga kopo kuonyesha kwamba hana haja ya kubembeleza mtu. Moja ilikuwa ya ujana wa mchezaji, na bei yake ingekula jinzi zangu zote. Ya pili ilikuwa ya miaka yake ya mwisho uwanjani. Tumbo lilikuwa limetangulia mkanda, kona za kadi zimelika, na mkunjo mmoja umempita kifuani. Hiyo niliimudu. Muuzaji yule alisema wanunuzi wengi wanataka ya ujana, tena isiyo na mkunjo, ndiyo maana hii ya uzeeni huachwa, ingawa nayo ni ya kweli na ya miaka yake.

Nikaanza kutapatapa. Nimpe mzee kitu kilichokunjika? Si ataniona bahili? Nikawaza niuze sehemu ya mzigo palepale kwa bei ya kutupa nichukue ile ya ghali. Nikatoka kwenye kibanda, nikarudi, nikatoka tena.

"Yake iliyopotea ilikuwaje?" Mama Shayo akauliza.

"Sijui."

"Si ulisema kila jioni anakusimulia?"

"Nilikuwa nafanya kazi, Mama."

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kama angenifokea. "Na wewe ulipokuwa na homa, yeye alikuwa anakuangalia huku anafanya kazi gani?"

Nikajifanya naangalia stempu.

"Chukua unayoiweza," akasema. "Ile nyingine utampa kwa hofu, na yeye ataipokea kwa hofu. Chukua hii, uwahi."

Nilimkuta Mzee Huang mlangoni, sanduku limefungwa, binti yake amesimama anaangalia barabara kama teksi imefika. Nilimpa kadi kwa mikono miwili, kama wanavyopeana kule. Akavaa miwani. Akaitazama kwa muda mrefu, nami nikawa nahama mguu huu kwenda ule.

"Siyo yangu," akasema.

Nikaanza kujieleza kwa Kichina changu cha sokoni, kwamba bei, kwamba muda, kwamba nyingine zilikuwa za bandia. Akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya lile tumbo la mchezaji.

"Kwenye yangu alikuwa kijana kama wewe. Walipoichoma alikuwa bado kijana. Sikumwona tena." Akainua kadi karibu na macho. "Kumbe naye alizeeka."

Akacheka mpaka akakohoa, binti yake akaja mbio kumpigapiga mgongoni, na mzee alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Simu yangu ikaita. Akaisikia.

"Nenda," akaniambia. "Kontena lako."

Niliizima. Sijui mkono uliizima au mimi. "Mzee," nikasema, "nieleze ya mjomba wako baharia. Tangu mwanzo."

Akanieleza. Tulikaa kwenye ngazi, na nikasikia kwa mara ya kwanza habari niliyoambiwa karibu kila jioni. Alinieleza uwanja wa shule ulivyokuwa na mawe, gongo walivyolichonga wenyewe, na jinsi alivyoitia kadi motoni kwa mkono wake mwenyewe, mama yake akiwa amesimama nyuma yake analia. Hilo la mkono wake hakuwahi kuniambia, au aliniambia na mimi nikaitikia "eeh". Dereva wa teksi alipiga honi mpaka majirani wakachungulia. Mzee aliitia kadi kwenye mfuko wa shati, akanishika kichwa, akaondoka. Jinzi zangu nyingi zilibaki nje ya kontena lile. Sikumwona tena.

Basi, mwanangu, mimi sikuchagulii zawadi. Nenda ukakae na mwalimu wako, simu iwe mfukoni, umuulize alipenda nini alipokuwa kijana, na umuache amalize. Ukishajua, tafuta kile kitu chenyewe, cha kweli, hata kama kimelika kona, na uchukue kile ambacho mfuko wako unakimudu. Kisha kipeleke wewe mwenyewe, na usiondoke mapema.

Mungu akupe wazee wenye mengi ya kukusimulia, na akupe kuwasikia wangali wapo.