Picha ya Kumi na Tisa

Oddlaug alifunga samaki kwenye makatoni miaka thelathini na mitano, mpaka vidole vikawa havinyooki. Kiwandani tulisimama meza moja. Nilipojifungua Sivert, yeye ndiye aliyeniletea supu. Alikaa, akamtazama mtoto.

Mwaka ule alikuja Ragnhild, mtafiti wa chuo kikuu. Juu ya dari ya ukumbi wa kijiji alikuta kopo la biskuti limejaa picha za zamani zisizo na mwenyewe. Akazibandika ukutani dukani kwa Torgeir, kila moja na namba yake na karatasi tupu chini, kalamu ikining'inia kwa uzi. Alisema picha ya kuokota huwafungua watu midomo kuliko maswali yake.

Na kweli tuliandika. Majina ya mashua, ya mashangazi, hata ya mbwa. Karatasi ya kumi na tisa tu ndiyo ilibaki nyeupe.

Pichani mwanamke kakalishwa juu ya pipa, kichwa kimenyolewa hovyo, mtoto mchanga mapajani. Pembeni, mkono wa mwanamume umeshika mkasi, na mkono huo umepungukiwa kidole kimoja. Kijiji kizima kilijua ni mkono wa baba yake Torgeir. Mwanamke ni Jorunn, aliyezaa na askari Mjerumani wakati wa vita; adui alipoondoka, wanawake kama yeye walinyolewa hadharani ili waaibishwe. Mtoto ni Oddlaug.

Kila siku alikuja kununua maziwa, akaitazama ile karatasi. Angeweza kuandika mwenyewe. Aliniambia hataki, jina la mama yake amelitaja peke yake miaka hamsini, sasa anataka kuliona kwa mwandiko wa mtu mwingine. Ijumaa Ragnhild angeondoka, na picha isiyo na jina ingeingia kwenye sanduku la wasiojulikana.

Torgeir aliwaambia wateja, "Huyo chawa tu walimzidi. Enzi zile tulinyolewa wengi."

Ijumaa Oddlaug alisimama mbele ya kaunta.

"Torgeir, ulikuwepo, ukiwa na miaka minane. Niandikie jina moja tu, la mama. La mwenye mkono baki nalo."

"Ni maziwa tu leo, Oddlaug?"

Ragnhild akaanza kubandua. Alipofika ya kumi na tisa alitugeukia, akauliza kama kuna anayemjua huyu mama. Tulikuwa watu sita. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kalamu. Sivert, kiunoni kwangu, aliikamata, akacheka. Nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikaiachia ining'inie.

Jumatatu, kiwandani, Oddlaug alihamia meza nyingine.