Bi Muhtasari na Mita Sitini

Mtu akikuambia kwamba sera ya mazingira inabadilishwa na shahada, mwambie apite kwanza sebuleni kwa Bi Muhtasari. Mimi nilipita. Nilikwenda na shahada yangu ya maji na slaidi arobaini, akaniuliza, "Mwanangu, diwani mwenye njaa saa saba mchana atasikiliza slaidi ngapi?" Nikafungua kompyuta nimwoneshe. "Haya, funga hilo dude, ukae."

Jina hilo tulimpa sisi wanafunzi wake. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa kamati ya mazingira ya manispaa, kazi yake kukaa pembeni na kuandika muhtasari wa kila kikao. Alipostaafu akaanza kutufunza sisi vijana wataalamu, bure, kila Jumamosi: mimi wa maji, mwanasheria mmoja, na bwana misitu tuliyemwita Profesa kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi. Meza ya chakula ikawa meza ya kamati. Yeye akawa mwenyekiti, na mumewe akawa diwani anayesinzia. Jamani, mzee yule alijua kuigiza, maana alikoroma kweli! "Mwamshe kwa maneno," Bi Muhtasari alituambia, "usimguse."

Mwaka huo manispaa ilitaka kubadili kanuni ya mto. Kanuni ya zamani ilikataza kujenga ndani ya mita sitini kutoka ukingoni. Rasimu mpya ya kanuni za manispaa, kifungu cha kumi na nne, ilitaka mita kumi. Kumi! Nusu ya mji inakunywa maji ya mto ule, mama yangu akiwemo. Wenzangu wakanichagua mimi nikaseme mbele ya kamati. Mwananchi hupewa dakika tatu, basi.

Nilijiandaa hasa. Siku yenyewe nikasimama, nikasema kwa sauti nzito ya kuazima: "Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba kifungu cha kumi na nne kifutwe chote."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Diwani mmoja alipiga meza, mwingine akanikazia macho kama nimemtukania ukoo. "Kijana, umetumwa na nani wewe?" Kumbe nilikuwa nimeshika rasimu ya kwanza. Juzi tu walikuwa wametoa ya pili, vifungu vimesogea, na sasa cha kumi na nne kilikuwa cha posho za madiwani wenyewe! Bi Muhtasari alikuwa ameniambia nikague tarehe ya rasimu asubuhi ya kikao. Mimi na ujuaji wangu, sikukagua.

Nikapekua karatasi zangu, namba mpya ya kifungu cha mto siioni popote. Kengele ikalia. "Muda wako umekwisha," mwenyekiti akasema huku akifuta machozi ya kicheko. "Kuna mwananchi mwingine?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mto mzima nilikuwa nimeupoteza kwa kiherehere changu.

"Nipo mimi," ikasema sauti kutoka nyuma.

Bi Muhtasari alikuwa amesimama, mkoba kwapani. Karani mpya aliacha kuandika. Miaka yote ile ndani ya ukumbi ule hakuna aliyewahi kumsikia akichangia. Karani haruhusiwi, anaandika tu majina na maneno ya wengine. Nikaona alivyoushika mgongo wa benchi. Alikuwa anaogopa, yeye aliyetufundisha tusiogope.

"Waheshimiwa," akasema, "mtoto amekosea namba, hajakosea mto. Mara mbili kamati hii ilipunguza mita hizi, na mara mbili ikazirudisha baada ya mafuriko. Niliandika mimi, kwa mkono huu. Mara ya mwisho maji yaliingia humu humu, mkajadili mkiwa mmepandisha miguu kwenye viti." Madiwani wakongwe wakatazamana, wakaanza kucheka, safari hii kwa haya. "Posho zenu zibaki. Na mita sitini zibaki."

Hata dakika mbili hazikufika. Ikapigwa kura: mikono tisa kwa miwili, sitini zikabaki! Mwanasheria alipiga kigelegele bila hata kuomba ruhusa, Profesa akamkumbatia askari wa mlangoni, na mimi nililia, sioni haya kusema.

Mwenyekiti akagonga meza tutulie. "Mama, kwenye muhtasari tukuandike nani?"

Akaushusha mkoba kutoka kwapani.

"Andika mwananchi," akamwambia karani mpya. "Kisha uandike jina langu lote, na la baba, na la babu."

Akayataja polepole, moja moja, na alipofika la babu sauti ikamkatika.