Siku Tuliyojifungia Ndani

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Bama, alikopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani, na vidole vyake vyote, na neno moja ambalo sikulipenda kamwe: gesi ya sumu. Hakuwahi kuiona. Walivishwa tu barakoa za mpira wakaambiwa kuna sumu inayotengenezwa makusudi, adui aivute na kufa bila risasi wala jeraha. Hiyo ndiyo maana yake, naye aliishika barabara. Shida ni kwamba alilitumia neno hilo kwa kila kitu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, gesi ya sumu. Moshi wa treni pale Malaba, gesi ya sumu. Nilikuwa nikimcheka mbele ya wageni, Mungu anisamehe.

Uhuru ulikuwa bado mchanga watu wa afya walipokuja upande wetu wa Chakol kupulizia nyumba dawa ya mbu. Karani wa chifu alitangaza sokoni kwamba tutoe vyombo nje na kuacha milango wazi. Mume wangu aliwaona wakishuka kwenye lori, vitambaa puani, mitungi mgongoni. Akarudi nyumbani mbio.

"Mama watoto, ingia ndani! Hiyo si dawa ya mdudu. Hiyo ni silaha."

"Silaha ya kuua nani, baba watoto? Sisi?"

"Mimi nilifundishwa hiyo kitu. Wewe ulifundishwa wapi?"

Alilowesha mablanketi akayatundika mlangoni na dirishani, kisha akaziba kwa udongo kila upenyo chini ya mabati. Kazi yake ilikuwa safi, siwezi kumnyima hilo. Binti yetu wa miezi saba alikuwa na kikohozi, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeleta baridi, kwa hiyo niliingiza jiko la makaa nikaliweka karibu na mkeka wake.

Wapuliza dawa walibisha hodi. Mume wangu akatuashiria tunyamaze, wakaenda zao kwa jirani. Nilitaka kufungua, akanizuia.

"Gesi inakaa chini. Ngoja iishe."

Tukangoja. Kichwa kilianza kunigonga, naye akatapika.

"Umeona? Imeingia!" alisema, akamwagia blanketi maji zaidi.

Nilipomgusa mtoto alikuwa amelegea. Nikapiga yowe, nikararua blanketi, nikatoka naye nikipepesuka. Majirani walitubeba sote mpaka zahanati.

Dresa, yule msaidizi wa daktari, alimsikiliza mtoto kifuani, kwa muda mrefu, halafu akamfunika. Mume wangu alikuwa bado anatapika nje.

"Pole, mama. Mulikuwa na jiko ndani?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Na mulifunga kila mahali?"

Nikaitikia tena.

"Basi ni makaa, mama. Makaa ndiyo imemaliza mtoto."

Mume wangu alitangaza kila soko, kuanzia Chakol hadi Nambale, kwamba mtoto wetu ameuawa kwa gesi ya sumu. Wengine walimwamini, wakawafukuza wapuliza dawa kwa mawe. Nilikuwa nikimsikia, moyo unaniwaka, na sikufungua mdomo mpaka siku tuliyomzika yeye mwenyewe. Watu husema nilimstahi mume wangu. Waongo. Jiko niliingiza mimi.