Mgongo Ambao Sikuukanyaga

Nilipokuwa mtoto, watu wazima walilala kifudifudi mbele yangu nikawapanda migongoni. Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na kijijini kwetu, mbele kidogo ya Msalato, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa na miguu ya dawa. Aliyeshikwa na kiuno shambani alikuja kwetu asubuhi kabla hajasema na mtu, hata salamu ya "mbukwa" hakuna, akajilaza kwenye ngozi ya ng'ombe ambayo Bibi aliitandika uani. Nami nikapanda, kutoka kiunoni hadi mabegani, nikashuka. Akainuka akaenda zake bila kushukuru, maana dawa ikishukuriwa inakimbia.

Niliipenda kazi ile kwa sababu sikujua kutulia. Darasani, kanisani, kwenye kigoda, popote nilifurukuta. "Huyu mtoto ana siafu," Mama alikuwa akisema, na kofi dogo likafuata. Kwenye migongo ya watu tu ndiko nilikosifiwa kwa kuchezesha miguu.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyesimamia shughuli yote. Kabla sijapanda alimfinya mgonjwa kidole cha mguu kwa ukucha, akamuuliza, "Unasikia?" Akisikia, napanda. Asiposikia, Bibi anakunja ngozi yake. "Mguu uliolala una mwenyewe," alisema. "Ukimkanyaga mtu mgongo na mguu wake umelala, hauamki tena." Mimi nilidhani huyo mwenyewe anaishi mvunguni mwa kitanda changu, na kwa miaka mingi sikuthubutu kuning'iniza miguu.

Kiangazi kimoja Mama aliinama bombani kuinua ndoo ya maji, akabaki vilevile ameinama. Wanawake wenzake walimleta nyumbani wamemshika huku na huku. Akataka nimpande kesho yake tu. Dawa iko ndani ya nyumba, ateseke kwa nini? Isitoshe, alikuwa mke wa kuolewa katika mji wa mama mkwe, na mwanamke asiyechota maji, alisema, anakuwa mgeni kwake mwenyewe.

Asubuhi akajilaza. Mimi nimeshavua ndala, nyayo zinaniwasha kwa hamu. Bibi akachuchumaa, akanyoosha mkono, na kabla ukucha haujafika Mama akasema, "Nasikia."

Bibi akamtazama. Akamfinya mguu wa pili, kimya. Mama hakusema kitu.

"Mama Sechelela, inuka," Bibi alisema. "Sechelela hapandi hapa."

Mama akalia. Si kwa maumivu, nilijua kilio chake cha maumivu. Alilia kama mtu aliyefukuzwa. Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na mama yake, akasema, "Mama, wa mbali wote wanapona, mke wangu ndiye unamnyima?" Bibi akakunja ngozi, akaingia ndani. Hadi jua linapanda, bombani walikuwa wakisema bibi kizee ana lake jambo na mkamwana.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa haikaliki. Mama anatambaa hadi jikoni, Bibi anamwekea ugali na mlenda, Mama anageukia ukutani. Mimi naingia, natoka. Nilimpenda Bibi na nilimtaka Mama asimame, na kichwa changu kidogo hakikuweza kubeba yote mawili.

Jumapili Bibi alipokwenda kanisani, Baba akaitandika ngozi mwenyewe. "Njoo, mwanangu. Taratibu tu." Mama akajilaza, akaanza kumwambia Baba kwamba akipona atakwenda kwanza kwao kuwasalimia. Nikasimama miguuni pake. Sijui nini kilinituma. Nikainama, nikamfinya kidole kama alivyofanya Bibi, kwa nguvu zangu zote, nikauzamisha ukucha.

Mama aliendelea kuzungumzia kwao.

Nikakimbia. Baba aliniita, Mama akaniita kwa hasira, na hasira ile ndiyo iliyomwinua. Nikiwa langoni niligeuka nikamwona amejishika ukutani. Akapiga hatua moja, mguu ukakunjika, akaanguka. Akakaa pale chini anaupapasa mguu wake kama mguu wa mtu mwingine, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba Sechelela, mguu huu sina."

Mchana ule ule walimpeleka hospitali mjini. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuja na fimbo na mazoezi ya kila asubuhi: kulala kifudifudi na kuinua kifua, kulala chali na kuinua kiuno, kuvuta magoti. Bibi alimtandikia ngozi ile ile. "Mkamwana wangu kageuka mjusi," alisema, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Wiki chache baadaye nilikuta mijusi miwili uani, Bibi naye kajilaza kando ya Mama.

Mama hakumshukuru hata siku moja. Bibi naye hakungojea.

Leo nafanya kazi ofisini, nakaa kitini kutwa, mimi niliyekuwa na siafu. Mama ametupa fimbo zamani, lakini mazoezi hajaacha, na kila akipiga simu, baada ya shikamoo yangu, swali lake la kwanza ni, "Umejinyoosha?" Nilikuwa nikimdanganya. Kisha mwaka huu mguu wangu wa kushoto ukaanza kuchoma na kufa ganzi, na sikumwambia mtu. Niliogopa jambo lile lile la utotoni: kwamba mwenye mguu uliolala bado yupo mvunguni.

Mwishowe nikaenda Area D kwa mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo, kijana mpole wa kutoka Kondoa. Nikajilaza kifudifudi nikingoja mikono yake mgongoni. Haikuja. Alienda miguuni kwanza, akanishika kidole.

"Dada, unasikia?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikaling'ata. Nikangoja mpaka nikawa na hakika, mpaka machozi yakalowesha kitambaa cha kitanda.

"Nasikia," nikasema. "Kidogo, lakini nasikia."

Alipomaliza alinionyesha mazoezi ya kufanya nyumbani, na la kwanza lilikuwa lile la mjusi. Nikavaa viatu, nikachukua mkoba, nikaondoka bila kusema asante. Bila shaka alisema moyoni kwamba dada yule hakufundwa kwao.